Kwani Hiyo ni Mwavuli?

Kutoka geti la ploti yetu hadi mlango wa nyumba yangu kuna ngazi 72. Nimezihesabu mara nyingi kuliko mtu mwenye akili timamu anavyopaswa kuhesabu ngazi, kwa sababu kwa miaka miwili nilizipanda kila jioni nikiwa na baiskeli begani. Ilikuwa baiskeli ya kawaida, magurudumu makubwa, na kila kona nilikuwa nagonga ukuta na kuacha alama nyeusi ya tairi kwenye rangi ya krimu ya landilodi. Mwezi wa tatu akabandika karatasi pale chini: hakuna baiskeli kwenye ngazi. Nikaanza kuiacha nje, nimeifunga na cheni kwenye nguzo ya tangi la maji. Ilikaa siku tisa. Asubuhi ya kumi nilikuta cheni imekatwa na kukunjwa vizuri juu ya tangi, kama nguo iliyopigwa pasi. Soja akasema hakusikia kitu, mvua ilikuwa nyingi.

Hapo ndipo nilianza kutafuta baiskeli ya kukunjwa.

Naishi Donholm, nafanya kazi Westlands. Hiyo ni matatu mbili asubuhi na mbili jioni, na kila tarehe 14 EPRA wanapotangaza bei mpya ya mafuta, makanga wa steji yetu anakuwa ashajua nauli mpya kabla mimi sijamaliza kusoma habari. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nipande matatu moja hadi Tao, kisha kutoka Tao hadi Westlands niendeshe mwenyewe. Jioni vivyo hivyo. Usiku baiskeli ilale chini ya meza ya jikoni. Nilikuwa na 30,000 za chama, na wikendi mbili za kuzunguka nikijaribu moja baada ya nyingine.

Nilimpigia Kuka simu. Kuka ni babu, tunavyomwita kwetu Busia. Nikamweleza mpango wangu wote, naye akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Ya kukunja? Kwani hiyo ni mwavuli?"

Nilicheka. Lakini swali lile lilinifuata wikendi zote mbili, maana Kuka anajua baiskeli. Yake ilikuwa Black Mamba, ile nyeusi ya chuma kizito yenye breki za fito na keria ya nyuma inayoweza kubeba mtu mzima na kuku wake. Aliinunua baada ya kuuza fahali. Ilibeba mahindi, ikabeba maji, ikabeba mamangu kwenda shule na siku moja ikambeba usiku kwenda hospitali. Kwa miaka kadhaa Kuka mwenyewe alikuwa boda boda, na hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu watu wengi wa rika langu wanadhani boda boda ni pikipiki tangu uumbaji. Jina lilizaliwa kwetu, pale mpakani, miaka ya 1960 na 1970. Kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda kulikuwa na kipande cha barabara ambacho gari la abiria halikuvuka, na mtu mwenye mzigo alilazimika kukitembea kwa miguu. Vijana wakaweka mito kwenye keria za baiskeli, wakasimama pale wakiita: boda, boda! Kutoka mpaka huu hadi mpaka ule. Walibeba abiria, bidhaa, na magendo pia, tusidanganyane. Pikipiki zilikuja baadaye sana, zikachukua kazi na jina lenyewe.

Kwa hivyo kwa Kuka baiskeli ni kitu kinachobeba. Mimi nilikuwa nikimwambia nataka kitu ambacho nitakibeba mimi. Si ajabu alisikia wazimu.

Kile Kuka hakujua, na mimi pia sikujua hadi nilipoanza kusoma usiku huo, ni kwamba na utani wake hakukosea sana. Baiskeli ya kukunjwa iliwahi kuning'inia kwenye mwavuli. Mwavuli wa askari wa angani.

Wazo lenyewe ni la kale. Mwaka 1878 Mwingereza William Grout aliuza baiskeli ya gurudumu moja kubwa na jingine dogo, zile za kuchekesha kwenye picha za zamani, ambayo gurudumu lake kubwa la mbele lingeweza kufunguliwa vipande na kutiwa kwenye mfuko. Ila waliolichukulia wazo hilo kwa uzito ni wanajeshi. Miaka ya 1890 kapteni mmoja Mfaransa, Henri Gérard, alishirikiana na mwenye kiwanda Charles Morel kutengeneza baiskeli yenye bawaba katikati ya fremu. Askari aendeshe panapopitika, na panaposhindikana aikunje na kuivaa mgongoni kama mkoba. Waitaliano nao walikuwa na yao, Bianchi ya 1912, ambayo askari wao wa Bersaglieri waliingia nayo Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukitazama picha zao, utaona baiskeli imepanda juu ya mtu.

Halafu ikaja Vita vya Pili. BSA, kampuni ya Birmingham iliyoanza kwa kutengeneza bunduki, iliwaundia askari wa miavuli baiskeli yenye bawaba mbili zinazofungwa kwa nati za masikio, zile unazokaza kwa vidole bila spana. Ilishushwa kutoka angani ikiwa kichwa chini, ili usukani na kiti viguse ardhi kwanza na magurudumu yasipinde. Zilitengenezwa makumi ya maelfu. Tarehe 6 Juni 1944 Wakanada kadhaa walishuka kwenye fukwe za Normandy wakiwa nazo mabegani, ndani ya maji, chini ya risasi. Kuna picha zao. Wengi walizitupa kando ya barabara siku hizo hizo. Ukiwa unapigwa risasi, baiskeli ni mzigo tu.

Nilizitazama zile picha kwa muda mrefu, nikaona kitu ambacho hakuna muuzaji angeniambia. Baiskeli ya kawaida huundwa kwa kufikiria safari. Ya kukunjwa huundwa kwa kufikiria pale safari inapokatika: ukuta, mto, ngazi, mlango wa treni. Aliyeiunda lazima kwanza ajiulize itabebwa na nani na italala wapi. Basi ukienda kuijaribu ukaiendesha tu, umejaribu nusu. Nikaandika kwenye simu yangu orodha ya majaribio, na la kwanza halikuwa kuendesha. Lilikuwa: panda nayo ngazi.

Ya kwanza niliikuta kwenye yadi ya baiskeli za mtumba huku Eastlands, kati ya baiskeli za watoto na fremu zisizo na magurudumu. Raleigh Twenty, rangi ya kijani iliyochujuka, bawaba nene katikati ya fremu, gia tatu ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Muuzaji alitaka 14,000. Moyo wangu ulienda hapo hapo. Ina sura ya kitu kilichotengenezwa na watu wasiokuwa na haraka.

Raleigh Twenty ina hadithi yenye kejeli ndani yake. Mwaka 1956 mgogoro wa Mfereji wa Suez uliifanya Uingereza igawe petroli kwa kuponi. Mhandisi Alex Moulton, yule aliyebuni springi za mpira za gari la Mini, akaanza kufikiria baiskeli upya. Kila mtu aliamini gurudumu dogo ni la mtoto na ni la polepole. Moulton aligundua kwamba likijazwa upepo wa nguvu na kuwekewa springi, linakwenda vizuri kabisa, na nafasi ya mizigo inabaki mbele na nyuma. Akapeleka wazo lake Raleigh, jitu la baiskeli la Nottingham. Raleigh wakakataa. Akafungua kiwanda chake mwenyewe, baiskeli ikatoka 1962, ikauzika ajabu. Raleigh wakaharakisha kutoa yao ya magurudumu madogo, na mwaka 1967 wakamnunua. Mwaka uliofuata wakaleta Twenty. Haikuwa na springi za Moulton, ilikuwa chuma tu na akili ya kawaida, na Waingereza wakaipenda, kwa ununuzi wa dukani na kwa kuitia kwenye buti ya gari.

Buti ya gari! Hapo ndipo penye jibu la ile ya kijani. Niliiendesha mizunguko minne kuzunguka yadi, na iliteleza kama mtumbwi. Imetulia kwenye kona, kiti kiko juu, mgongo umenyooka. Nikaikunja, na hapo mapenzi yakapungua. Bawaba inafunguka, nusu mbili zinalala ubavu kwa ubavu, na unabaki na rundo la chuma lenye ukubwa wa meza ndogo ambalo halina pa kushikia. Nikamwomba muuzaji anionyeshe ngazi. Akanitazama vibaya lakini akanionyesha, ghorofa mbili za ghala la jirani. Nilifika juu nikihema. Kweli ilikunjwa, lakini iliundwa ikunjwe na mtu mwenye gari, mara mbili kwa mwaka, akienda likizo. Si na mtu wa ngazi 72.

Hata hivyo aliyeimaliza ni fundi, si ngazi. Nilikuwa nimekuja na fundi wangu wa mtaa, mzee ambaye amekaa chini ya mwembe mmoja akiziba pancha tangu nikiwa sijahamia Nairobi. Aliinama, akasugua tairi kwa kidole gumba, akasoma namba.

"Hii ni 451," akasema. "Utaitoa wapi?"

"Si ni inchi 20, fundi? Za inchi 20 ziko kila mahali."

"Kijana, inchi 20 ni jina tu. Soma hapa."

Wewe unayesoma hii ukifikiria kununua, chukua hili hata kama utasahau mengine yote. Tairi mbili zote zinaweza kuandikwa inchi 20 na zisiingiliane. Ubavuni mwa tairi kuna namba ya milimita, kipimo cha rimu. Ikiwa 406, uko salama: ndiyo ya BMX, na fundi yeyote kutoka Kayole hadi Kawangware anayo au anajua pa kuipata. Ikiwa 451, kama Twenty nyingi za Uingereza, utaagiza kutoka mbali na kusubiri. Inchi 16 nayo ni hivyo hivyo. Za watoto ni 305, lakini kuna nyingine ni 349, na hiyo ya mwisho nitaifikia sasa hivi. Wazungu walikuwa na viwanda vingi na kila kimoja kikapima kwa rula yake. Sisi tulioletewa mtumba ndio tunalipia tofauti hizo.

Jumapili nikaenda Kilimani kuona Brompton. Mwenyewe alikuwa mama mmoja Mholanzi anayefunga virago kurudi kwao, na alitaka 85,000. Sikuwa nazo na alijua, nilimwambia kwenye simu. Akasema njoo tu uijaribu. Nadhani alikuwa anataka mtu wa kumwonyesha.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hii ndiyo baiskeli iliyoulizwa maswali yote kabla ya kuundwa. Katikati ya miaka ya 1970 Andrew Ritchie alikuwa kijana wa London aliyesomea uhandisi Cambridge na akaishia kutunza bustani za watu. Akaonyeshwa Bickerton, baiskeli ya kukunjwa ya alumini ambayo Harry Bickerton alikuwa ameibuni miaka michache nyuma. Ilikuwa nyepesi sana, na ilikuwa inapindapinda ukiikanyaga kwa nguvu. Ritchie akajiambia anaweza kufanya vizuri zaidi, maneno ambayo yamefilisi vijana wengi. Marafiki kumi wakamchangia paundi 100 kila mmoja. Karakana yake ilikuwa chumba chake cha kulala, na dirishani alikuwa anaona kanisa la Brompton Oratory, basi jina likawa hilo.

Werevu wake uko kwenye mkunjo. Badala ya kuikata fremu katikati na kuridhika, alilifanya gurudumu la nyuma lipinduke na kujificha chini ya fremu. La mbele linazunguka na kusimama kando yake. Usukani unaanguka ubavuni, kiti kinashuka na kufunga kila kitu kisifunguke. Cheni yenye grisi inabaki katikati ya magurudumu mawili, mbali na suruali yako. Inasimama yenyewe. Ina vigurudumu vidogo vya kuisukuma kama sanduku la safari. Yule mama aliikunja akiendelea kuniuliza kama napenda chai, na kabla sijajibu ilikuwa imekwisha.

Ritchie naye alipeleka kitu hiki Raleigh. Raleigh wakakataa tena. Mimi ninaposoma historia ya kampuni kubwa huwa natafuta mlango wa aina hii, mlango ambao watu wawili tofauti waligonga kwa miaka tofauti wakiwa na kitu cha maana mkononi. Ritchie akawashawishi watu 30 walipe kabla ya baiskeli kuwepo, mwanzoni mwa miaka ya 1980 akatengeneza mia kadhaa, kisha kazi ikasimama kwa kukosa mtaji. Aliyemwokoa ni mteja wake mwenyewe, Julian Vereker wa Naim Audio, kampuni ya vyombo vya muziki, ambaye aliipenda baiskeli yake kiasi cha kuweka pesa. Karakana ya kweli ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 chini ya tao la reli huko Brentford. Yaani tangu ile ya kwanza ya majaribio hadi kiwanda ilipita zaidi ya miaka kumi. Na fremu hadi leo huunganishwa kwa mkono, kwa moto na shaba, na kila fundi anagonga alama yake kwenye kiungo alichokichoma. Mwaka 2020 kampuni ilikuwa na kesi dhidi ya baiskeli ya Korea inayofanana nayo, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema umbo la kitu cha kazi laweza kulindwa kama kazi ya sanaa, ilimradi aliyelibuni alikuwa na uhuru wa kuchagua na akachagua kwa ubunifu wake. Hataza ilikuwa imeisha muda wake zamani.

Kwa nini London? Kwa sababu treni za London saa za msongamano hazitaki baiskeli nzima. Iliyokunjwa inahesabiwa mzigo. Ritchie alijua itabebwa na karani mwenye tai, na italala chini ya dawati. Kila bawaba inamjibu mtu huyo.

Niliiendesha hadi barabara kubwa na kurudi. Ndani ya eneo la lami safi ilikuwa raha tupu, ina kasi na inageuka kwa wazo tu. Tulipofika palipochimbwa bomba la maji na kufukiwa kwa mchanga, gurudumu la mbele lilizama na mimi nikakaribia kuruka juu ya usukani. Magurudumu yake ni 349. Nilipanda nayo ngazi za nyumba ya yule mama, ghorofa tatu, nikashuka sijatoka jasho. Kama bei ingekuwa si kitu, na tairi zingekuwa kwa fundi wangu, na Nairobi ingekuwa lami mpaka mlangoni, makala haya yangeishia hapa. Nilikunywa chai, nikashukuru, nikapanda matatu.

Ya tatu ilipatikana wiki iliyofuata, kwenye ile yadi ya kwanza, imeshuka kwa kontena. Dahon Boardwalk ya bluu, chuma, gia sita, magurudumu 406. Muuzaji aliomba 26,000.

Dahon ni jina la mtu lililokunjwa: David Hon, mwanafizikia aliyekuwa akifanya kazi ya leza katika kampuni ya Hughes huko California. Miaka ya 1970, mafuta yalipokuwa adimu na Wamarekani wakipanga foleni za magari kwenye vituo vya petroli, Hon alianza kuchezea fremu kwenye gereji yake. Mwaka 1982 akaanzisha kampuni na viwanda vikawa Taiwan. Ukiona vizuri, ni petroli ileile iliyomwamsha Moulton. Hon aliamua baiskeli yake iwe ya watu wengi: bawaba katikati yenye kufuli la mkono mmoja, shingo ya usukani inayoanguka, vipuri vya kawaida vinavyopatikana popote. Haikunjiki ndogo kama Brompton. Lakini ilisambaa dunia nzima, mpaka kwenye kontena la mtumba. Mwaka 2011 mwanawe, Joshua Hon, pamoja na mama yake, walijitenga na kuanzisha Tern, na familia ikafikishana mahakamani. Hata bawaba ya familia inaweza kulegea.

Fundi aliikagua kwa nusu saa. Alianza kwenye bawaba: akaifunga, akasimama mbele, akashika breki na kuisukuma mbele na nyuma akisikiliza. Ikitoa sauti ya tik, ama kufuli limelegea, na hilo linakazwa, ama bawaba imekula, na hilo ni uondoke. Akapitisha kucha kwenye rangi karibu na viungo, kwa sababu ufa huanzia kwenye rangi. Akatoa nguzo ya kiti yote nje akatafuta mstari wa mwisho wa kupandisha. Watu warefu huupita, nguzo inakatika. Kisha akagonga fremu kwa spana na kutabasamu. "Chuma," akasema. "Ikikatika, yule wa kuchomelea pale atairudisha. Alumini ukimpelekea atakuharibia na pesa uchukuliwe." Sumaku ya kushikilia nusu mbili zikikunjwa ilikuwa imeng'oka. Fundi akakata ukanda wa tyubu kuukuu, akafunga. Imeshika mpaka leo.

Niliiendesha. Sitawadanganya: shingo ya usukani ilikuwa na ulegevu kidogo na kwenye kilima ilikuwa ikilalamika chini yangu. Haikuteleza kama ile ya kijani wala kugeuka kama ya Kilimani. Kwenye mashimo ilipita bila tukio. Ghala, ghorofa mbili: inagonga goti kila hatua ya tatu, lakini nilifika nikiwa na uwezo wa kuongea.

Likabaki jaribio la mwisho. Nikamwachia muuzaji kitambulisho na pesa zote, nikaipeleka steji ikiwa imekunjwa. Tangu sheria za Michuki za 2004 matatu ni viti na mikanda, hakuna kusimama, na kitu kisicho na kiti kinajadiliwa. Makanga wa kwanza akakataa kabla sijafungua mdomo. Wa pili akaizunguka.

"Hii ni nini, bosi?"

"Baiskeli, lakini imekunjwa."

"Baiskeli ni baiskeli. Toa soo mbili."

Nikarudi nyuma. Pale steji kuna mama anayeuza viazi, na nyuma yake kulikuwa na magunia matupu. Nikamwambia, "Mama, nisaidie gunia moja," akaniuzia kwa 50. Nikaitia baiskeli ndani, nikafunga mdomo kwa kamba. Matatu ya tatu ikaja.

"Mzigo?" makanga akauliza.

"Mzigo."

"Hamsini. Weka nyuma."

Tao ilikuwa umbali wa nusu saa, na njia nzima hakuna aliyeuliza. Nilikuwa nikifikiria wale askari wenye mizigo yao mgongoni, na yule karani wa London. Hon hakuwahi kumfikiria mtu wa gunia la viazi, lakini bawaba yake ilikubali.

Niliilipia jioni hiyo, 23,500 baada ya fundi kuweka uso wa huzuni kwa dakika kumi. Wiki ya pili nilikutana na landilodi kwenye ngazi ya 40 hivi, gunia begani. Akauliza nimebeba nini. Nikamwambia viazi. Akasema viazi vimepanda bei sana siku hizi, akajibanza ukutani nikapita.

Nikamtumia Kuka picha mbili kwa simu ya binamu yangu, moja ikiwa imekunjwa, moja ikiwa imefunguliwa. Alikaa siku nzima bila kujibu, halafu akapiga mwenyewe.

"Nimeiona," akasema. "Sasa keria iko wapi?"

Fundi anasema ataniwekea moja kwa 1,200, ila itabidi niitoe kila nikitaka kuikunja.